Uzi: Mninga na mkangazi imeadimika, tuunde mitumbwi na kayaki kwa mbao gani huku Nyanda za Juu Kusini?

Mleta uzi (Tukuyu)

Ndugu zangu, naomba tujadili kwa utulivu suala la mbao za kuundia mitumbwi na kayaki katika mikoa yetu. Kwa miaka mingi fundi wa Kyela au wa Ludewa aliyetaka kuchonga mtumbwi alitafuta mkangazi au mninga, na akiikosa alishuka hadi kwenye mwembe. Miti hiyo miwili ya mwanzo leo haipatikani kwa unene unaofaa isipokuwa mbali sana na Ziwa Nyasa, bei yake imepanda kupita uwezo wa mvuvi wa kawaida, na kisheria ni miti ya kuvunwa kwa kibali. Tangu mkutano wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) uliofanyika Panama mwezi Novemba 2022, mininga ya Afrika, mikangazi na jamii ya mkongo imo katika Kiambatisho cha Pili, yaani biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji vibali maalumu. Mkataba huo haumzuii fundi wa Matema kununua ubao wa mninga uliovunwa kihalali hapa nchini, lakini unatuonyesha miti yenyewe imefikia hali gani.

Msimamo wangu ni kwamba hatutapata mti mmoja wa kupandwa utakaofanya kazi zote za mninga, na wala hatuuhitaji. Tukibadili namna ya kuunda chombo, tukatoka kwenye gogo tukaenda kwenye mbao na fito, basi msaipresi, mgrevilea, mlingoti (mkaratusi) na hata msindano (paini) wa shamba la Sao Hill kule Mafinga kila mmoja unapata sehemu yake.

Tuangalie hesabu ya gogo kwanza, kwa sababu ndiyo iliyonisukuma kuandika. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 70 na urefu wa mita 5 lina ujazo wa karibu mita 1.9 za ujazo. Mtumbwi unaochongwa humo, wenye kuta za sentimita 4 hadi 5, unabaki na takribani mita 0.3 za ujazo za mbao. Zaidi ya sehemu tano kati ya sita za mti huo zinaishia kuwa vibanzi chini ya tezo. Sasa chukua gogo hilohilo, ulipasue mbao, kisha mbao uzichane fito za unene wa milimita 6. Hata tukikubali kwamba nusu ya gogo inapotea kwenye kupasua, na theluthi ya kinachobaki inapotea kwenye kuchana fito, bado unabaki na mita 0.6 za ujazo. Ngozi (ganda la nje) ya mtumbwi mwepesi wa mita 5 ina eneo la kama mita 5 za mraba, kwa hiyo inakula mita 0.03 tu za ujazo. Mti uliokuwa unatoa mtumbwi mmoja unatoa ngozi za mitumbwi karibu ishirini, na tena hauhitaji kuwa mti mnene, kwa kuwa fito unaweza kuzipata kwenye mti wa kipenyo cha sentimita 30.

Kuna nafuu nyingine ambayo mafundi wengi wa huku hawaitumii, kwa sababu ujuzi wa vyombo umetoka pwani pamoja na hofu zake. Fundi wa Bagamoyo au Kilwa anachagua mti huku akimwogopa mdudu wa baharini anayetoboa mbao iliyo ndani ya maji na kuigeuza sega. Mdudu huyo ni wa maji ya chumvi. Hakai Ziwa Nyasa wala bwawa la Mtera. Maadui wa chombo chetu ni kuvu wa kuozesha, jua, mchwa pale chombo kinapolazwa ufukweni muda mrefu, na kupasuka kunakotokana na mbao kulowa na kukauka kwa zamu. Maadui hao wanaweza kudhibitiwa kwa kuchagua kiini cha mti, kukausha vizuri, kupaka na kuhifadhi chombo kivulini. Hivyo mti usio na ukali wa mvule au mtiki bado unaweza kutufaa.

Kwa ngozi ya kayaki au mtumbwi mwepesi wa fito, chaguo langu la kwanza ni msaipresi. Vitabu vya mafundi wa Marekani na Kanada husisitiza mwerezi wao mwekundu, ambao ukikauka una uzito wa kama kilo 370 kwa mita ya ujazo. Msaipresi wetu, ule aina ya *Cupressus lusitanica* uliopandwa Kiwira, Kawetire, Mufindi na katika viwanja vya misheni na shule nyingi za zamani, una kilo kati ya 430 na 480. Kwa ngozi ile ya mita 0.03, tofauti ni kilo mbili hadi tatu tu. Mninga wenye kilo 640 ungetupa ngozi ya kilo 19, na mlingoti wenye kilo 700 ungetupa kilo 21, kabla hujaweka kitambaa cha faiba na resini ya kukigandisha. Msaipresi una nyuzi laini, unakubali randa, unashika gundi bila ubishi, na kiini chake kinahimili kuoza kwa kiwango cha wastani.

Tatizo lake kubwa ni vifundo. Matawi ya msaipresi hayaanguki yenyewe, hivyo mti ambao haukupogolewa ukiwa mdogo unatoa mbao yenye kifundo kila baada ya shubiri moja, na kifundo kilichokufa kinachomoka ufito unapopindwa. Msaipresi wa uzio wa nyumba kwa kweli haufai kwa kazi hii, hata ukipewa bure. Nenda kwa mti wa shambani uliopogolewa, na ukifika penye mbao tazama rangi: kiini kina rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo na harufu kali, na sehemu ya nje ni nyeupe. Ile nyeupe itumie ndani ya deki au iache kabisa. Wazee watakumbuka kwamba misaipresi mingi ilikauka baada ya chawa wa miti aliyegunduliwa Malawi mwaka 1986 kuvuka mpaka na kuja kwetu. Ndiyo maana miti mikubwa iliyobaki si mingi, na inastahili kutumika kwa kazi yenye thamani kuliko kuishia kwenye kenchi za vibanda.

Naomba mafundi na wavuvi mchangie, hasa walioko ziwani.

Mchangiaji wa pili (Kyela)

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo, ila naona umeandika zaidi kwa jicho la anayetaka chombo cha kupigia kasia kwa starehe. Mimi nachonga mitumbwi ya wavuvi, kazi niliyorithi kwa baba. Mtumbwi wa huku unavutwa juu ya changarawe kila asubuhi, unagonga mawe kuanzia Lyulilo kwenda Ikombe na Lumbila, unabeba nyavu zilizolowa, na siku ya mnada wa Jumamosi akina mama wa Kikisi wanaujaza vyungu mpaka maji yanabaki kiganja kimoja kufika ukingoni. Upepo wa mwera ukivuma kati ya Mei na Agosti, mtumbwi mwepesi unarushwa ovyo, lakini wetu mzito unakata wimbi na kutulia. Tena mtumbwi wetu una mdomo mwembamba na tumbo pana, umbo ambalo mawimbi hayaingii kirahisi. Je, ngozi ya milimita 6 ya msaipresi itastahimili hayo? Na kama mtu hana fedha za epoksi, ile resini ya kugandisha faiba, utamwambia nini?

Mleta uzi (Tukuyu)

Fundi wangu, shikamoo, kwa maana naona umenitangulia katika kazi hii. Uliyosema ni ya kweli na yanahitaji kujibiwa moja baada ya jingine.

Ngozi ya milimita 6 haifai kwa kazi hiyo, na mtu yeyote asimshauri mvuvi vinginevyo. Kwa mtumbwi wa kazi tunazungumzia mbao za milimita 20 hadi 25 zilizopigiliwa juu ya mataruma (mbavu za ndani za chombo), na hapo ugawaji wa miti kwa sehemu ndiyo unapata maana yake kamili. Mkuku (uti wa chini wa chombo) na ubao wa chini unaoburuzwa ufukweni uwe wa mlingoti. Mlingoti ni mzito na mgumu, na uzito ukiwa chini kabisa ya chombo unakupa ule utulivu unaousifia. Chini ya mkuku ongeza ufito wa mlingoti wa kusagika, uliofungwa kwa skrubu bila gundi, ili ukilika unaufungua na kuweka mwingine pasipo kugusa mwili wa chombo. Ubavu uwe wa msaipresi au msindano. Mataruma na ukingo wa juu yawe ya mgrevilea.

Kuhusu mgrevilea, watu wengi wanauona kama mti wa kivuli cha chai Rungwe na kahawa Mbozi, au kuni. Mbao yake ina kilo kama 550 kwa mita ya ujazo, ni imara, na ikipasuliwa kwa upande unaofaa inaonyesha madoa ya kung'aa yanayoipendeza sana kasia au ukingo. Taruma la mgrevilea usilikate kutoka kwenye ubao mpana kwa kufuata mkunjo, kwa sababu nyuzi zitakatika pale penye kona na hapo ndipo litakapovunjikia. Chana vipande vya milimita 4 au 5, vipake gundi, vibane juu ya kalibu yenye umbo la tumbo la mtumbwi, na uache hadi kesho yake. Ukitoa vibano unapata taruma ambalo nyuzi zake zinafuata mkunjo wote. Tahadhari moja: utomvu na vumbi la mgrevilea mbichi huwasha ngozi ya baadhi ya watu vibaya sana, kwa hiyo vaa mikono mirefu na ufunike pua.

Umbo lako la mdomo mwembamba naliheshimu mno, na naamini linaweza kuigwa kwa mbao. Ubao wa juu kabisa wa ubavu unalazwa kuelekea ndani badala ya kusimama, na taruma linapinda kulifuata. Hilo ndilo umbo ambalo vijana wanaojifunza kuunda vyombo kwa michoro ya intaneti wanaliacha, wanaunda chombo cha mdomo wazi kinachofaa mto tulivu, kisha wanashangaa maji yanapoingia siku ya mwera.

Kwa asiye na fedha za epoksi, mtumbwi wa mbao uliokalafatiwa, yaani uliozibwa maungio kwa pamba, unafanya kazi tangu zamani na utaendelea kufanya kazi. Chombo cha namna hiyo kinatakiwa kilowe: mbao ikivimba inaibana pamba, maji hayapiti. Kwa hiyo mbao zake zisikaushwe kupita kiasi, unyevu wa asilimia 15 hadi 18 unatosha, na chombo kisiachwe juani wiki nzima halafu kikashushwa majini siku ya kazi.

Mchangiaji wa tatu (Mafinga)

Nimefurahi kuona Sao Hill imetajwa. Niko kwenye biashara ya mbao za msindano na ningependa kuongeza jambo ambalo wanunuzi hawaulizi. Shamba la Sao Hill lilianza kwa majaribio mwaka 1939 na likapanuliwa sana baada ya uhuru, na miti iliyovunwa kwa umri kamili ilitoa mbao nzuri. Leo sehemu kubwa ya mbao zinazofika sokoni zinatoka kwenye mashamba ya watu binafsi, ambako mti unakatwa ukiwa na miaka kumi au chini yake kwa sababu mwenye shamba ana ada ya shule ya kulipa. Mbao ya mti mchanga ni nyepesi kupita kiasi, inajipinda kama parafujo ikikauka, na inafupika kwa urefu wake, jambo ambalo mbao ya mti mzima hailifanyi kwa kiwango cha kuonekana. Mtu akinunua hiyo akaundia mtumbwi, halafu akasema msindano haufai, anauonea mti.

Angalieni kichwa cha ubao. Pete za mti zikiwa pana kama kidole na zimejikunja kwa duara dogo, huo ni ubao wa karibu na katikati ya mti mchanga, uacheni. Pete zikiwa za karibukaribu na zinapita kama mistari inayokaribia kunyooka, huo ni ubao wa nje wa mti mnene. Jambo jingine ni mashine. Nyingi za mbao zetu zinapasuliwa kwa dingi-dongi, ile mashine ya msumeno wa duara, ambayo meno yake ni mazito na mkono wa mwendeshaji ndio kipimo. Ubao wa inchi moja kwa nane unaweza kuwa na unene wa inchi moja upande huu na robo tatu upande wa pili. Kwa paa hakuna shida, kwa mtumbwi ni shida kubwa, kwa hiyo nunueni kwa mwenye msumeno wa mkanda hata kama anaongeza bei kidogo, au mnunue nene na kuranda wenyewe.

Swali langu ni kuhusu mbao za dawa. Wateja wa Mtera wananiuliza kama zinafaa.

Mleta uzi (Tukuyu)

Ndugu wa Mafinga, maelezo yako ya pete ni dhahabu na nitayatumia kuwafundishia wanafunzi wangu.

Msindano ukiachwa hivihivi unaoza haraka, hilo hatulifichi. Faida yake ni kwamba unafyonza dawa vizuri, tofauti na kiini cha mkangazi ambacho hakipitishi dawa kirahisi. Mbao zinazotiwa dawa viwandani kwa mgandamizo, zile zenye rangi ya kijani hafifu kama nguzo za umeme, kwa kawaida zina mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Kwa mtumbwi wa mbao wa kazi zinafaa, kwa masharti ambayo nayasisitiza kwa nguvu zote kwa sababu aseniki ni sumu. Usirande wala kupiga msasa bila kufunika pua na mdomo. Vibanzi na vipande visitumike kuni hata kidogo, wala visitupwe mahali mifugo inapolala. Sakafu ya ndani, ambapo samaki wanalazwa na maji ya kunywa yanawekwa, iwe ya mbao isiyo na dawa, inayoweza kutolewa na kusuguliwa. Na kila unapokata kichwa cha ubao uliotiwa dawa, tazama kama dawa imefika katikati. Mara nyingi katikati ni pakavu, hivyo pahitaji dawa ya kupaka kwa brashi, upake na kurudia, kabla ya kuunga.

Kumbuka pia kwamba ubao ukitoka kwenye mtambo wa dawa umeloweshwa upya. Unatakiwa kukaushwa tena kabla ya rangi au gundi. Watu wanausahau ukweli huo, rangi inabanduka baada ya msimu mmoja, kisha lawama zinaenda kwa rangi.

Kwa kayaki ya fito iliyofunikwa faiba na epoksi pande zote mbili, dawa haina haja, kwa kuwa epoksi ndiyo inayozuia unyevu. Lakini hapo kuna wajibu mkubwa wa kukagua. Palipochubuka hadi kwenye mbao, maji yanaingia na hayatoki, na msindano unaweza kuoza ndani huku nje unang'aa. Pia epoksi yenyewe inaharibiwa na jua, kwa hiyo juu yake lazima kuwe na vanishi yenye kinga ya jua, au rangi ya kawaida ya mafuta.

Mchangiaji wa nne (Iringa mjini)

Naomba kuuliza kuhusu marini bodi. Tuna kikundi cha vijana tunaotaka kuunda kayaki za kutembezea wageni, na fundi mmoja ametushauri tusijisumbue na fito, tununue marini bodi dukani, tukate vipande na kuvishona kwa waya, kisha tupake epoksi kwenye maungio. Je, ushauri huo ni sahihi?

Mleta uzi (Tukuyu)

Njia aliyowaeleza ni nzuri na ya haraka, ila angalieni mnachonunua. Kile kinachouzwa kwa jina la marini bodi katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi ni plaiwudi yenye ngozi nyeusi au ya kahawia ya plastiki, iliyokusudiwa kuzuia zege wakati wa kumwaga nguzo na sakafu. Ngozi hiyo haishiki epoksi mpaka isuguliwe yote, na ndani yake mara nyingi tabaka za kati zina mapengo. Plaiwudi ya vyombo vya majini inatakiwa kuwa na gundi isiyoachia maji, na tabaka za ndani zisizo na mapengo, na kiwango chake kinachotajwa duniani ni BS 1088.

Mafinga kuna viwanda vinavyomenya magogo ya misindano na milingoti kuwa tabaka nyembamba na plaiwudi, kwa hiyo malighafi tunayo mlangoni. Kabla ya kununua nyingi, ombeni kipande. Kateni ukingo kwa msumeno wenye meno madogo na kuhesabu mapengo yanayoonekana. Kisha chukueni kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemsheni kutwa nzima, kikausheni, mkichemshe tena. Tabaka zikianza kuachana kama kurasa za daftari lililolowa, hiyo ni ya dari na makabati. Ikitulia, chagueni ya milimita 4 hadi 6, na kingo zote zilizokatwa ziloweshwe epoksi mara tatu, maana ukingo ndio unaokunywa maji.

Na kwa kuwa mtabeba wageni, jengeni vyumba viwili visivyoingiza maji, mbele na nyuma. Mbao inaelea, lakini kayaki iliyojaa maji haimwinui mtu.

Mchangiaji wa tano (Mbeya mjini)

Ndugu mleta uzi, umetaja uzito kwa mita ya ujazo na asilimia za unyevu, nasi wengine hatuna kifaa hata kimoja. Tunajuaje tulichonacho?

Mleta uzi (Tukuyu)

Mizani ya dukani inayosoma gramu inatosha. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 chenye unene wa sentimita 2 kamili; ujazo wake ni sentimita 200 za ujazo. Kipime. Gramu utakazopata zizidishe kwa 5, na hapo una kilo kwa mita ya ujazo: gramu 90 ni kilo 450, gramu 140 ni kilo 700. Fanya hivyo kwa kipande kikavu.

Kwa unyevu, kata kipande kutoka katikati ya ubao, kamwe usikikate kichwani kwa kuwa kichwa hukauka mapema na kinakudanganya. Kipime uzito mara moja kabla hakijakaa. Kiweke kwenye oveni au jiko la mkate lenye moto mdogo, joto lizidi kidogo tu nyuzi 100, ukipime kila baada ya saa chache mpaka uzito uache kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichokuwa na gramu 110 kikabaki na 92 kilikuwa na unyevu wa karibu asilimia 20, na hicho bado ni kibichi mno kwa epoksi. Tunataka kama asilimia 12.

Hapa naongeza ushauri wa kijiografia. Tukuyu na Kyela mvua hazina likizo, na mbao hata ikikaa mwaka kivulini inagoma kushuka zaidi ya kiwango fulani kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji. Iringa mjini na upande wa Mtera hewa ni kavu. Kama una ndugu huko, panga mbao zako kwake kati ya Juni na Oktoba, juu ya magogo, na vijiti vya unene mmoja kati ya ubao na ubao, paa likiwa juu na upepo ukipita pembeni. Vichwa vipakwe rangi nzito. Kwa mlingoti upakaji huo ufanywe siku ileile ya kupasua, na mzigo mzito uwekwe juu ya lundo, kwa sababu mti huo una mvutano mkubwa ndani yake na huanza kuchanika ukiwa bado kwenye mashine.

Ukishazikausha huko, ukazirudisha Kyela, ziunde na kuzifunika kwa epoksi mapema, kabla hazijanywa tena hewa ya ziwani.

Mchangiaji wa pili (Kyela)

Nimekuelewa, mwanangu, na nimeridhika kwamba mtumbwi wa mbao wenye mkuku wa mlingoti ni jambo la kujaribiwa. Nina maswali mawili ya mwisho. Mbao tunazopata ni za futi 12, na mtumbwi wangu ni wa futi 18, tunaziungaje? Na misumari gani itumike, maana ile ya kawaida nimeona inavyoliwa.

Mleta uzi (Tukuyu)

Mzee wangu, ubao wa ubavu ungwe kwa mshazari, urefu wa mshazari uwe mara nane ya unene. Ubao wa milimita 20 unahitaji mshazari wa milimita 160. Ufito wa milimita 6 unahitaji milimita 48. Weka mbao mbili moja juu ya nyingine, ya juu irudi nyuma kwa kipimo hicho, zirande zote pamoja mpaka zitoe mteremko mmoja ulionyooka, kisha zigeuze na kuzibandika. Maungio ya ubao mmoja yasikutane na ya ubao wa jirani yake. Yatenganishwe kwa nafasi ya mataruma matatu angalau. Kama hutumii epoksi, unga ubao kichwa kwa kichwa katikati ya mataruma mawili, na nyuma yake weka kipande cha mgrevilea kilicho kipana kuliko ubao wenyewe.

Misumari ya kawaida iepuke kabisa, hasa kwenye mlingoti, kwa sababu maji ya mti huo yana tanini inayokula chuma na kuacha weusi kuzunguka tundu, na weusi huo ukionekana ujue mbao ya hapo imeanza kulegea. Misumari ya shaba ndiyo bora ila bei yake ni kubwa. Iliyopakwa zinki kwa kuchovywa, yenye ngozi nene na ya kukwaruza, inatosha kwa mtumbwi wa kazi. Ile inayong'aa sana ina zinki nyembamba na haitadumu. Toboa kwanza kwa kekee, tundu liwe dogo kidogo kuliko msumari, hasa karibu na kichwa cha ubao. Ukishapigilia, zamisha kichwa cha msumari milimita 3 ndani na uzibe juu yake.

Mbao zikitoka Mafinga kuja Kyela, hakikisha gari lina hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) na risiti ya mauzo, hata kama ni mbao chache za mtumbwi mmoja. Naomba nawe unisaidie jambo moja: pima mtumbwi wako wa mdomo mwembamba, upana wa tumbo na upana wa mdomo, kila baada ya futi 3 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), pamoja na kina chake. Nikizipata namba hizo nitachora kalibu za mataruma na kuziweka humuhumu, ili fundi yeyote wa Ludewa au Nyasa aweze kuzikata.